Povu, mate na barakoa: kifafa wakati wa korona

Povu linalomtoka mtu anayeanguka kifafa ni mate yake mwenyewe. Misuli ya taya na koo imekakamaa, hawezi kumeza, pumzi inapita kwa nguvu katikati ya meno, mate yanaumuka. Ukiona wekundu, amejiuma ulimi. Hakuna mdudu wa kifafa humo. Ukiyafuta na kunawa kwa sabuni, kama unavyofanya mtoto akikudondoshea mate begani, kazi imekwisha.

Hayo nimeyarudia kliniki kwa miaka. Mimi ni tabibu katika kliniki ya afya ya akili, ambako hapa Tanzania wagonjwa wengi wa kifafa ndiko wanakopata dawa (na ndiyo maana wengine wanaona aibu kuja, ila hiyo nitaiandikia siku nyingine). Hofu ya povu ni ya siku nyingi. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge zama za kuelekea uhuru, aliandika jinsi Wapogoro walivyoogopa mate ya mgonjwa: alitengewa chombo chake cha kulia, na akianguka watu walisita kumgusa, hata pale alipoangukia moto. Si Mahenge tu. Nimeona makovu ya moto ya aina hiyo kwa watu wa makabila mengi.

Basi ikaja Machi 2020. Tarehe 16 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa, Arusha. Kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Haukupita muda, ukuta wa kliniki yetu ukawa na mabango mawili, la zamani lililopauka linasema povu la kifafa haliambukizi, na jipya linalong'aa linasema mate yanaambukiza, kaa mbali na mwenzio. Yote mawili kweli. Sasa mweleze hivyo bibi aliyetoka kwake alfajiri na mjukuu wake, akayasoma yote mawili huku akingoja zamu.

Kijana mmoja, fundi pikipiki, alianguka stendi Aprili ile. Mama yake alinisimulia. Watu walirudi nyuma wakafanya duara, mmoja akapaza sauti, "Korona hiyo!", mwingine akammwagia maji kwa mbali. Alilala chali mpaka kikaisha chenyewe. Kliniki alifika na uvimbe juu ya jicho na barakoa ya kitambaa iliyolowa, bado ipo mdomoni. "Zamani dokta, angalau kondakta mmoja angemgeuza," mama alisema. Ile barakoa ndiyo iliyonitisha kuliko uvimbe. Kitambaa kilicholowa mate, mtu amelala chali, hana fahamu: hapo hewa inapita wapi?

Ikabidi nibadili somo. Kuwaambia watu "msiogope" kulikuwa hakutoshi tena, maana safari hii hofu yao ilikuwa na sababu. Nikaanza kuwafundisha mahali pa kukaa. Mtu akianguka, vaa barakoa yako, piga magoti upande wa mgongo wake, uso wako usielekeane na wake. Shushia barakoa yake kidevuni. Mlaze kwa ubavu, mdomo uelekee chini kidogo ili mate yatoke, na umwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimbane mikono, usimtie kijiko mdomoni, usimpe maji. Angalia saa. Wengi huacha kutetemeka ndani ya dakika mbili tatu. Zikifika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri. Kisha nenda kwenye kibuyu chirizi ukanawe. Muuguzi wetu alichukua kalamu nene akaandika chini ya lile bango la zamani: "Mgeuze ubavu. Kaa nyuma yake. Nawa." Ni sentensi tatu tu, na zilifanya kazi kuliko mihadhara yangu.

Lakini kilichowaumiza wagonjwa wangu wengi mwaka ule hakikuwa kirusi. Kifafa chenyewe hakimfanyi mtu apate korona kwa urahisi zaidi. Kilichowaumiza ni vidonge vilivyokatika. Watu waliikimbia hospitali kwa sababu waliamini ndiko ugonjwa uliko. Daladala zikawa za abiria waliokaa tu, kwa hiyo wa mbali walisubiri mno kituoni, wengine wakarudi nyumbani.

Hapa kuna jambo moja ambalo ningependa kila anayemuuguza mtu ajue. Fenobabitoni, dawa ambayo wagonjwa wetu wengi wanaitumia, hutoka mwilini polepole sana. Nusu yake hubaki kwa siku tatu, nne hivi. Ukikosa Jumatatu, Jumanne hali ni shwari. Jumatano shwari. Mtu anajiambia, kumbe nimepona. Kisha mwishoni mwa juma, akiba imeshuka, ubongo uliozoea kutulizwa unaachwa wazi, na kifafa kinakuja kwa mfululizo: kimoja hakijaisha kingine kinaanza. Hicho kinaua. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, yenyewe haina subira hiyo, siku moja au mbili tu imekwisha mwilini.

Mama wa yule fundi alikuwa ameshaanza kubana. Kijana alipaswa kumeza vidonge viwili vya miligramu 30 kila usiku. Yeye alikuwa anampa kimoja na nusu, baadaye kimoja, akikata kwa wembe juu ya kisosi na kukusanya unga kwa ncha ya kidole ili usipotee. Alinionyesha kisosi chenyewe, alikuja nacho kwenye mkoba. Alidhani anamwokolea mwanawe dawa. Sikuwa na la kumlaumu. Sisi ndio tuliokuwa tunawapa za mwezi mmoja mmoja kana kwamba nauli ni bure. Tangu hapo, aliyetulia na anayetoka mbali tulimpa za miezi mitatu, na ndugu aliruhusiwa kuja na kadi badala ya mgonjwa.

Kisha nyungu, kule kujifukiza mvuke wa majani ambako wengi walikuamini dhidi ya korona. Najua hapa nitagombana na baadhi yenu. Sina ugomvi na mwarobaini wala mchaichai wa mtu. Ila fikiria picha yenyewe: mtu ambaye anaweza kupoteza fahamu wakati wowote amekaa peke yake, amejifunika blanketi, na sufuria inayochemka iko katikati ya magoti yake. Kwa mwenye kifafa mimi nilikuwa nasema hapana, moja kwa moja. Tena mafuta ya mkaratusi na kafuri, ambavyo wengine huongeza ili "ipande vizuri", yanajulikana kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Vivyo hivyo klorokwini. Dawa hiyo tuliiacha kwenye malaria tangu 2001, halafu 2020 watu wakaanza kuiulizia tena; nayo inaweza kumwangusha mwenye kifafa.

Homa ni habari nyingine. Homa yoyote inaweza kuamsha kifafa, hasa kwa watoto, kwa hiyo ishushwe kwa parasetamoli, lakini mgonjwa apimwe malaria pia. Ile miezi kila homa iliitwa korona, na nina hakika baadhi yake ilikuwa malaria ya kawaida iliyocheleweshwa nyumbani. Ukienda hospitali kwa lolote, taja dawa zako za kifafa kabla hujaandikiwa nyingine. Kabamazepini, kwa mfano, hugombana na dawa kadhaa, zikiwemo baadhi za kufubaza VVU.

Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, na wiki zilizofuata swali likawa moja: mwenye kifafa achanje? Ndiyo. Kifafa si kizuizi. Cha kujiandaa nacho ni homa ya siku moja au mbili: parasetamoli iwe nyumbani, dawa za kifafa zisirukwe, na usingizi upatikane, kwa sababu kukosa usingizi kumewaangusha wagonjwa wangu kuliko chanjo yoyote.

Yule fundi alichanjwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi akapiga simu kuuliza kama anaweza kurudi gereji, maana kuna injini ya mtu inamsubiri. Nikamuuliza amelala saa ngapi.

"Saa nane, dokta. Nilikuwa naangalia simu."

Nikamwambia injini ingoje.