Mama ana endometriosisi, nikipima DNA nitajua kama na mimi ninayo?

Hili swali nimeulizwa na mabinti wengi mpaka nimeona niandike mara moja watu wasome. Mara nyingi linakuja hivi, dada ana miaka ishirini na kidogo, mama yake alishafanyiwa upasuaji akatolewa uvimbe wa chokoleti kwenye ovari (uvimbe wa endometriosisi uliojaa damu ya zamani), sasa yeye ameona mtandaoni kuna makampuni ya nje unawatumia mate kwenye kichupa wanasoma DNA yako wanakurudishia ripoti ya magonjwa, anauliza nitume hela au nisitume? Usitume. Hiyo hela ina kazi nyingine. Ila sababu ni ndefu kidogo na ina mambo matamu ndani yake, kwa hiyo kaa vizuri. Na niseme mapema, mi kazi yangu ni maabara ya vinasaba, sio chumba cha upasuaji, ya upasuaji muulize mwenye mkasi wake.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Nyama inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi inaota mahali pasipo pake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na inafuata homoni za mwezi kama ile ya ndani, inavimba na kuvuja damu ambayo haina pa kutokea. Matokeo yake maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa tendo, wengine maumivu wakienda haja kubwa siku za hedhi, wengine kushindwa kushika mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190 hivi wanao, yani karibu 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa. Huku kwetu bibi zetu wote hao waliwaweka kapu moja, chango. Binti analia sakafuni anaambiwa ni chango la ukoo, hata mama yako alikuwa nalo, ukizaa litaisha.

Kuzaa sio dawa yake, hilo walikosea. Ila kwenye neno "ukoo" bibi zetu hawakuwa mbali.

Australia mwaka 1999 walitoa utafiti wa mapacha zaidi ya 3,000, wakalinganisha pacha wa kufanana kabisa na wale wasiofanana, wakapata kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu kwenye kupata huu ugonjwa inaelezwa na vinasaba. Sweden baadae walirudia na watu wengi zaidi wakapata asilimia 47. Sasa hapa ndo watu wengi wanateleza, hii "nusu" haimaanishi mtoto wako wa kike ana nafasi ya nusu kwa nusu kuupata, jamani hapana. Ni kipimo cha kundi zima, tofauti zilizopo kati ya watu zimetokana kiasi gani na urithi na kiasi gani na mengine. Kwa mtu mmoja mmoja hesabu nzuri zaidi ilitoka Iceland mwaka 2002, kule wana kumbukumbu za koo za karne nyingi, wakakuta dada wa mgonjwa hatari yake ni mara 5.2 ukilinganisha na watu wengine, na binamu mara 1.56. Hizo namba mbili zishike, tutazirudia.

Basi wataalamu wakaanza kuitafuta hiyo jeni ya endometriosisi na hawakuipata, kwa sababu haipo, ziko nyingi na kila moja inasukuma kidogo sana. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2023 ukiongozwa na timu ya Oxford ulichukua wagonjwa 60,674 na watu wasio wagonjwa zaidi ya 700,000, ukapata maeneo 42 kwenye vinasaba yanayohusiana nao. Baadhi yana mantiki kabisa, kuna jeni ya WNT4 inayohusika na kujengwa kwa viungo vya uzazi tangu mtoto akiwa tumboni, kuna ESR1 ambayo ni kipokezi cha homoni ya estrojeni. Lakini kilichonishangaza mimi ni kukuta pia NGF, jeni inayohusu kukua kwa mishipa ya fahamu, na kwamba ugonjwa huu unashiriki vinasaba na kipandauso na maumivu ya mgongo. Yani yule dada anayesema kila mahali kunauma na watu wanamwona anadeka, kuna kitu cha kweli kwenye mwili wake. Ila pamoja na ukubwa wote huo, maeneo yote 42 ukiyajumlisha yanaeleza kama asilimia 5 tu ya tofauti kati ya watu. Tano, na mapacha walituambia karibu hamsini.

Kutokana na maeneo kama hayo ndo wanatengeneza kitu kinaitwa alama ya hatari ya kijenetiki, unahesabu kila herufi ya DNA inayoongeza hatari, unaipa uzito wake, unajumlisha, unapata namba moja. Timu ya Denmark walijaribu mwaka 2021 kwa kutumia vipande 14 vya DNA. Kwa wagonjwa waliothibitishwa kwa upasuaji, kila ukipanda ngazi moja ya alama (kipimo cha takwimu cha umbali kutoka wastani), uwezekano unaongezeka kama mara 1.59. Inasikika kubwa. Hebu tupige hesabu ya haraka: chukua kwamba mwanamke wa kawaida nafasi yake ni 10 kati ya 100, mwenye alama ya juu kwa ngazi moja anakuwa 15 hivi kati ya 100, na wa chini kwa ngazi moja anakuwa 6 au 7. Kwa hiyo ripoti ikikuambia "hatari yako iko juu", bado 85 kati ya wenzako wenye alama kama yako hawana ugonjwa, na yule aliyeambiwa iko chini anaweza kuwa amejikunja kitandani na chupa ya maji ya moto. Sasa rudi kwenye namba za Iceland, hesabu zake hazifanani moja kwa moja ila linganisha tu, alama ya juu ngazi moja imekaribia kuwa sawa na kusema una binamu mwenye endometriosisi. Hilo si ungemuuliza tu shangazi kwenye simu, bure?

Na hapo nimeongelea Wadenmark. Kwetu sisi mambo ni magumu zaidi, manake ule utafiti wa 2023 ulikuwa wa watu wenye asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Vipande vya DNA vinavyohesabiwa mara nyingi sio vyenyewe vinavyoleta shida, ni vibango tu vilivyo jirani na chenye shida. Ni kama kumwelekeza mgeni, ukiona mwembe mkubwa nyumba ni ya pili yake. Kijiji kile sawa, ila mpeleke na maelekezo hayohayo kijiji kingine ambako miembe imepandwa kivingine, atagonga mlango wa watu. Waafrika tuna tofauti za vinasaba nyingi kuliko bara lolote na vipande vyetu vimekatwakatwa vifupi zaidi kwa sababu ya ukongwe wetu, kwa hiyo kibango na nyumba mara nyingi havikai pamoja. Uchambuzi wa 2019 wa sifa mbalimbali za mwili na damu uliona alama zilizotengenezwa kwa Wazungu zikipimwa kwa watu wenye asili ya Afrika usahihi unashuka kama mara 4.5. Uganda wamejitahidi, wamesoma vinasaba vya maelfu ya watu, lakini kwa endometriosisi mkusanyiko mkubwa wa hapa kwetu bado.

Kuna dhambi nyingine ya zamani hapa. Miaka mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kuwa huu ni ugonjwa wa wanawake wa kizungu wenye kazi zao, mweusi akija na maumivu ya chini ya kitovu anaandikiwa maambukizi ya nyonga. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago aliangalia wagonjwa wake weusi waliopewa jina hilo, akakuta zaidi ya asilimia 20 ni endometriosisi. Ila mazoea hayafi haraka, mpaka leo binti anatembea na mafaili ya UTI sugu, PID (ndo hayo maambukizi ya nyonga) na amiba miaka kumi. Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya, wengi mnamkumbuka, ugonjwa ulimfika kwenye mapafu, akaeleza hadharani miaka aliyopewa majibu yasiyo sahihi, akafariki Juni 2024.

Mtaniuliza na kile kipimo cha mate cha Ufaransa cha kutafuta endometriosisi je? Kile ni kitu kingine, hakisomi hatari uliyorithi, kinasoma maikroRNA, vipande vidogo vinavyobadilika kutokana na kinachoendelea mwilini sasa hivi, na wanakitumia kwa wagonjwa ambao tayari wana dalili na picha hazijaeleweka. Usivichanganye.

Kwa hiyo hela ya kichupa peleka kwenye ultrasaundi kwa mtu anayejua kuitafuta endometriosisi, na ujue picha ikiwa safi haimaanishi huna, vidonda vidogo havionekani. Daktari anaweza kuanza matibabu ya homoni kwa dalili tu bila kusubiri kukupasua.

Na historia ya familia ichukue vizuri, usimuulize mama "ulikuwa na endometriosisi?" atakuambia sijui hicho ni nini. Muulize alikuwa anakosa shule siku ngapi, alikaa muda gani kabla hajakupata wewe, alishawahi kutolewa uvimbe, kizazi kilitolewa kwa nini. Halafu upande wa baba pia jamani, huo watu wanausahau kila siku, baba hapati hedhi ila hizo jeni anazo na anakupa, kwa hiyo wapigie na mashangazi.