Zulia la Gari Limelowa: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kutafuta Chanzo cha Uvujaji

Mwenye gari anayekanyaga zulia la ndani na kusikia maji yakifoka chini ya soli huwa na jibu kabla hajainama: mpira wa mlango umechoka, au kioo cha mbele hakikubandikwa vizuri. Huenda jibu hilo likawa sahihi, lakini limetolewa kabla ya swali kuulizwa. Swali la kwanza ni kitu gani kinachovuja. La pili ni lini kinavuja. Na swali la mahali huja la tatu. Dhana nyingi zinazozungumziwa hapa zinatokana na kuupindua mpangilio huo.

Dhana: Palipolowa ndipo panapovuja

Maji yakishaingia ndani ya gari hufuata bati, mshono wa bodi, fungu la nyaya au upande wa chini wa zulia mpaka yafike mahali palipo chini kuliko pengine, na hapo ndipo hujikusanya. Gari likiegeshwa pua ikielekea juu ya mteremko, dimbwi huhamia nyuma. Dereva akifunga breki kwa nguvu, maji hukimbilia mbele. Aidha, chini ya zulia la magari mengi kuna sponji nene inayoweza kunyonya maji mengi bila uso wa zulia kuonyesha dalili yoyote, hivyo mtu hugusa juu akakuta pakavu, kisha akabonyeza kwa kidole gumba na maji yakapanda hadi kwenye ukucha.

Kwa sababu hiyo kazi huanza kwa kufungua. Ng'oa kibao cha plastiki kilicho kwenye kizingiti cha mlango, inua zulia kutoka pembeni, kausha bati kwa kitambaa, halafu nyunyiza poda ya mwili au unga wa chaki juu ya bati kavu. Tone litakalopita hapo litachora mfereji, na mfereji huo hufuatwa kwa kupanda nao juu hadi unapoanzia. Magazeti yaliyotandazwa hufaa pia, ingawa yatakuonyesha tu kwamba kumelowa bila kukuonyesha njia.

Dhana: Rangi inatosha kutambua ni majimaji gani

Maji ya rejeta yaliyochanganywa na kipozeshi huuzwa yakiwa ya kijani, ya waridi, ya chungwa au ya buluu, na hakuna rangi moja inayofuatwa na watengenezaji wote. Maji ya kuoshea kioo nayo mara nyingi ni ya buluu. Mafuta ya breki yakiwa mapya hukaribia kutokuwa na rangi, na yakizeeka huwa ya kahawia.

Kinachosaidia zaidi ni karatasi ya tishu nyeupe pamoja na vidole viwili. Bonyeza tishu mahali palipolowa, inuse, kisha sugua majimaji kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Maji ya mvua na maji ya kiyoyozi hayatelezi, nayo hukauka bila kuacha utando. Kipozeshi huteleza, hukawia kukauka na huwa na harufu tamu kama ya sharubati iliyochemka. Maji ya kuoshea kioo hunukia sabuni na pengine hutoa povu. Mafuta ya breki au ya klachi huteleza zaidi, na yale ya aina ya glikoli, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hubabua rangi ya gari, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya kugusa bodi. Kuna wanaoshauri kuonja ili kupata uhakika, na ushauri huo ni wa hatari: ethilini glikoli, ambayo ndiyo msingi wa vipozeshi vingi, ni tamu na ni sumu. Utamu huohuo huvuta mbwa, paka na watoto, ndiyo sababu tone lililodondoka lipanguswe papo hapo.

Dhana: Maji yakitokea siku ya jua kali, lazima yanatoka kwenye injini

Hapa ndipo swali la "lini" linapolipa. Kiyoyozi hupoza hewa kwa kuipitisha kwenye evaporeta, yaani sehemu yake inayokuwa baridi, iliyojificha nyuma ya dashibodi, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone juu ya evaporeta kama umande kwenye glasi ya maji baridi. Umande huo hukusanyika kwenye kisanduku na kutoka nje kwa bomba jembamba linalopenya ukuta wa bati ulio kati ya injini na abiria. Lile dimbwi dogo ambalo gari huacha chini yake baada ya safari yenye kiyoyozi si hitilafu; kinyume chake, siku yenye unyevu ambayo kiyoyozi kimefanya kazi kwa saa nzima bila chochote kudondoka chini, kuna haja ya kushuku. Bomba likizibwa na vumbi, majani au wadudu, kisanduku hufurika na maji humwagika ndani, mara nyingi miguuni pa abiria wa mbele.

Nimewahi kuona gari lililopakwa gundi kwenye kioo cha mbele mara mbili kwa tatizo hili. Mara ya tatu mtu aliingia uvunguni, akalipata bomba hilo, akaingiza waya laini wa plastiki kwa uangalifu, na maji meusi yakashuka moja kwa moja hadi kwenye kiwiko chake. Kioo hakikuwa na kosa lolote.

Dhana: Ukungu wa kioo cha mbele ni hali ya hewa tu

Ukungu unaofutika kwa kitambaa kikavu na kukiacha kioo safi unaweza kuwa unyevu wa kawaida. Ukungu unaoacha utando wa mafuta, unaorudi kila hita inapowashwa na unaoandamana na harufu tamu, huashiria kwamba rejeta ndogo ya hita, nayo ikiwa nyuma ya dashibodi, inavuja. Uvujaji wa namna hii hujitokeza zaidi injini ikiwa moto, kwa kuwa ndipo mfumo unapokuwa na shinikizo; ndiyo maana gari lililolala usiku kucha linaweza kuonekana zima asubuhi. Alama kwenye chupa ya akiba ya kipozeshi, injini ikiwa baridi, ni shahidi mzuri: andika kiwango cha leo, angalia tena baada ya siku chache. Fundi mwenye pampu ya kupima shinikizo anaweza kuujaza mfumo hewa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta na kuangalia kama mshale unashuka, bila kuwasha injini. Mfuniko wenyewe usifunguliwe injini ikiwa moto.

Zile dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa ndani ya rejeta huchukuliwa kuwa suluhisho rahisi. Njia za maji ndani ya rejeta ya hita ni nyembamba, na dawa haina uwezo wa kuchagua tundu la kuziba.

Dhana: Mlango mzima hauruhusu maji kuingia ndani yake

Maji huingia ndani ya mlango kila mvua inyeshapo, yakipita kando ya kioo, na mlango umeundwa kwa kulitarajia jambo hilo. Huteremka upande wa ndani wa bati na kutoka kwa vitundu vilivyo kwenye ukingo wa chini. Kinachoyazuia yasifike kwenye zulia ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango, na karatasi hiyo huchanika au kubandukia pembeni mtu anapofungua mlango kutengeneza spika au mashine ya kioo, kisha akairudisha ovyo. Ukitikisa mlango na kusikia maji yakisukasuka ndani, vitundu vimeziba.

Paa la kioo linalofunguka nalo ni hivyohivyo: mpira wake hauzuii kila tone, bali chini yake kuna trei na mabomba yanayoteremka ndani ya nguzo za bodi. Mimina kikombe cha maji polepole kwenye kona ya trei. Yasipotokea chini ya gari, bomba limeziba au limechomoka. Lile beseni lililo chini ya kioo cha mbele, zinapolala waipa, nalo likijaa majani hufurika kuelekea tundu la kuingizia hewa ya ndani.

Kwa hiyo kupaka silikoni kila mshono unaoshukiwa ni kubahatisha, na mpakaji akiziba kimojawapo cha vitundu hivi, amegeuza njia ya kutokea maji kuwa hodhi la kutu.

Dhana: Mashine ya maji yenye nguvu hufichua uvujaji upesi

Mashine hiyo husukuma maji hata kupitia mipira isiyo na kasoro, na matokeo yake hupotosha. Tumia mpira wa bustani wenye maji ya kutiririka tu, mwenzako akiwa ndani na tochi, zulia likiwa limeinuliwa. Anza chini, kaa sehemu moja kwa dakika kadhaa, ndipo upande. Anayeanzia paani hulowesha kila kitu kwa wakati mmoja na hawezi tena kutofautisha.

Dhana: Mafuta ya breki yakipungua bila tone kuonekana, hayavuji

Kiwango hushuka kidogo kadiri pedi zinavyolika, na hilo ni la kawaida. Lakini masta silinda ya breki, yaani pampu inayosukuma mafuta pedeli ikikanyagwa, inaweza kuvuja kwa nyuma na kumwaga mafuta ndani ya busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, yasionekane popote. Ile ya klachi, katika magari ambayo fimbo yake hupenya ukuta wa bati, huvujia kwenye mkono wa pedeli na kuteremka hadi zuliani. Pitisha tishu nyuma ya pedeli, juu kabisa. Ikirudi na mafuta, gari lisiendeshwe mpaka litengenezwe.

Dhana: Chanzo kikizibwa, zulia litakauka lenyewe

Uso utakauka, ila sponji iliyobanwa kati ya zulia na bati inaweza kukaa na maji kwa majuma, ikizalisha kuvu na kulisha kutu kwenye bati na kwenye viungio vya nyaya, ambavyo katika magari mengi hupita chini ya viti. Zulia liinuliwe, sponji ikamuliwe na kupepewa hadi ikauke kabisa. Likirudishwa mapema, atakayelifungua tena baada ya mwezi atakuta maji yaleyale ya zamani, na ataanza kutafuta uvujaji ambao umekwisha kuzibwa.