Dice Wars: kanuni inayovutia ndiyo inayoharibu mizani

Nafundisha hesabu za uwezekano kwa vijana wanaotaka kutengeneza michezo ya kompyuta, na kila muhula naanza na Dice Wars, mchezo wa Taro Ito wa Japani unaochezwa ndani ya kivinjari bila kufungua akaunti. Ramani imegawanywa katika maeneo yenye rangi za wachezaji wawili hadi wanane, na kila eneo lina dadu kuanzia moja hadi nane. Unabofya eneo lako, kisha la jirani unayetaka kumshambulia. Dadu za pande zote mbili hurushwa na kujumlishwa, na mshambuliaji sharti apate jumla kubwa zaidi, kwa maana sare ni ya mlinzi. Aliyezoea kucheza ludo barazani huuelewa kabla chai yake haijapoa.

Utamu wake unatokana na uzito wa kila mbofyo. Dadu mbili dhidi ya moja hushinda takriban mara 84 katika mashambulizi 100, tatu dhidi ya mbili mara 78, lakini mbili dhidi ya mbili hushuka hadi 44 kwa sababu ya ile kanuni ya sare. Tena ushindi una gharama: dadu moja hubaki ulikotoka, na zilizosalia huhamia eneo ulilolitwaa. Chukua eneo lenye dadu nane lililoshinda mara tatu mfululizo. Linaishia na dadu tano mbele, na nyuma yake maeneo matatu yenye dadu moja moja, ambayo jirani mwenye dadu mbili tu anaweza kuyakata.

Kukatwa huko kunauma kwa sababu mwisho wa zamu hupewi dadu kwa maeneo yako yote, bali kwa idadi ya maeneo yaliyomo katika kundi lako kubwa zaidi lililoungana. Mwenye maeneo 14 yaliyoungana hupata dadu 14. Akikatwa katikati yakabaki manane upande mmoja na sita upande wa pili, hupata nane. Naipenda sana kanuni hii, maana inamlazimisha mchezaji kufikiria umbo la nchi yake, si ukubwa peke yake. Hata hivyo, ndiyo inayoharibu mizani: anayetangulia kuunganisha maeneo hupata dadu nyingi, dadu humpa maeneo, na maeneo humwongezea dadu, hata wenzake wakose pa kumzuia.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi darasani ni kwamba dadu hizo husambazwa kwa kubahatisha, mchezaji asiweze kuchagua ziende wapi. Mimi naitetea kanuni hiyo. Mchezaji mkubwa angeruhusiwa kuchagua, angezirundika zote mpakani, ilhali kwa kubahatisha nyingi huangukia maeneo ya ndani ambako hazimsaidii kushambulia, kwa hiyo ni kama kodi anayotozwa kwa ukubwa wake. Kasoro ni kwamba eneo halipokei zaidi ya dadu nane. Maeneo ya ndani yakishajaa, kila dadu mpya inakwenda mpakani, na zikikosa nafasi kabisa huwekwa akibani. Kodi inakoma wakati ule ule mkubwa anapostahili kutozwa zaidi.

Kuna pia suala la zamu: katika mchezo wa watu saba, wa mwisho anaweza kupoteza maeneo kabla hajabofya hata mara moja. Hilo ni rahisi kurekebisha kwa kuwaongezea dadu chache za kuanzia wale wa mwishoni.

Lile la akiba ni gumu zaidi. Pendekezo langu ni kwamba dadu ichaguliwe eneo kwanza, na ikiangukia lililojaa, ipotee. Tulipolijaribu darasani kwa karatasi na dadu za kawaida, aliyeongoza aliendelea kukua lakini polepole, na wadogo wawili waliopakana naye walipata muda wa kumkata. Tatizo jipya likajitokeza mwishoni: walipobaki wachezaji wawili wenye mipaka iliyojaa, hakuna aliyetaka kuanza, kwani nane dhidi ya nane hushinda mara 47 tu katika 100, na mshambuliaji akishindwa hubakiwa na dadu moja. Muhula huu tunajaribu kuibadilisha kanuni ya sare, ili wakibaki wawili tu, sare iwe ya mshambuliaji.