Kwa nini risasi ya Mauser ya Marekani ni dhaifu kuliko ya Ulaya?

Chukua risasi mbili za bunduki ya kuwindia, zote zinaitwa 8x57 Mauser. Moja imetoka kiwanda cha Marekani, nyingine ni ya Norma ya Sweden. Maganda yanalingana, na zote zinaingia kwenye chemba ile ile, yaani tundu la nyuma ya mtutu linaloishika risasi. Ya Kimarekani kwa kawaida hurusha kichwa, kile kipande kinachoruka, cha gramu 11 kwa mwendo wa mita 720 hivi kwa sekunde. Ya Norma ina kichwa kizito zaidi, gramu 12.7, na bado hukikimbiza kwa mita 770 hivi. Ukipiga hesabu ya nguvu inayotoka mtutuni, ya Ulaya inaizidi mwenzake kwa karibu theluthi. Imekuwaje?

Chanzo ni Ujerumani ya 1888. Mwaka huo jeshi lilichukua bunduki mpya, Gewehr 88, iliyotumia baruti isiyotoa moshi. Risasi yake ilikuwa na ganda la shaba lenye urefu wa milimita 57 na kichwa butu chenye kipenyo cha milimita 8.1 hivi. Ilipofika 1905 jeshi hilo hilo likaleta kichwa kingine: kimechongoka, kina gramu 10 badala ya 14.6, kinakwenda kasi sana, na kimenenepa kufikia milimita 8.2. Tofauti ya kipenyo ni kama unene wa karatasi. Ganda likaachwa vile vile.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa kuwa ganda halikubadilika, risasi mpya iliingia bila kizuizi chochote kwenye bunduki ya zamani. Kichwa kinene kikilazimishwa kupita kwenye mtutu mwembamba, presha hupanda, na Gewehr 88 haikuwa imara kama Mauser 98 iliyoifuata. Bunduki nyingi za zamani zilirekebishwa na kugongwa alama ya S juu ya chemba. Nyingine hazikuguswa, zikaendelea kupita mikononi mwa watu.

Ulaya ilijitoa kwenye tatizo hili kwa herufi na sheria. Ya kichwa chembamba inaitwa 8x57 I (wengine huandika J), ya kichwa kinene ni 8x57 IS, na alama hizo hugongwa kwenye ganda na kwenye mtutu. Tume ya kimataifa ya upimaji wa silaha, C.I.P., iliyoanzishwa 1914, ndiyo inayoweka vipimo, na nchi wanachama haziruhusu bunduki kuuzwa kabla haijajaribiwa. Kwa 8x57 IS kikomo cha presha ni baa 3,900 (baa ni kipimo cha presha). Marekani mambo ni mengine: vipimo huwekwa na SAAMI, umoja wa viwanda vyenyewe, na kufuata ni hiari. Huko risasi hii ilizoeleka kwa jina moja tu, 8mm Mauser, na nani ajuaye mnunuzi ana bunduki ya mwaka gani nyumbani? Viwanda vikaona heri kuwahurumia wenye bunduki kuukuu. Kikomo chao ni kama baa 2,400. Mwenye Mauser 98 nzima kabisa anabeba adhabu ya Gewehr 88 ya jirani asiyemjua.

Ndiyo maana wawindaji wengi wa Marekani wanaoipenda risasi hii huijaza wenyewe kwa mkono. Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki (kidude cha kuiwasha baruti), baruti na kichwa. Baruti huteketea, fataki huungua, kichwa huenda zake. Ganda hubaki, na ndilo la gharama. Huvimba linapofyatuliwa, likabana kuta za chemba na kuzuia gesi isirudi nyuma. Mjazaji hulibana tena lirudie kipimo chake, huitoa fataki iliyoungua na kuweka mpya, hupima baruti kwa mizani kufuata jedwali la mtengenezaji, kisha hupachika kichwa. Akiwa na bunduki imara hupata nguvu ya Ulaya. Akiwa na ile ya 1888 hutafuta vichwa vyembamba, ambavyo ni vigumu kuvipata dukani.

Maganda ya zamani ya kijeshi humsumbua, kwa sababu mengi yana fataki ya Berdan, ambayo haitoki kwa kusukumwa na sindano moja katikati. Kinachochekesha ni kwamba Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, na mfumo wake ukashika Ulaya. Wamarekani wakaupenda ule wa Edward Boxer, Mwingereza.

Kazi hii ya kufungua na kujaza upya imewahi kufanyika hapa kwetu, tena kwa risasi hii hii na kwa wingi wa ajabu. Novemba 1914, Waingereza waliposhambulia Tanga, askari wengi wa jeshi la Wajerumani bado walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zinazotoa wingu la moshi kila zinapolia. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark, iliwaletea Wajerumani bunduki za kisasa na shehena kubwa ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaikuta kwenye ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikaipiga mizinga, na nahodha wa Rubens akaizamisha meli yake kwenye maji ya kina kifupi. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Kwa miezi watu walikaa wakizifungua, wakisafisha na kukausha baruti, na kubadilisha fataki zilizooza. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba fungu ambalo risasi 20 katika kila 100 ziligoma lilihesabiwa zuri la kupigania; lililozidi hapo lilikwenda kwenye mazoezi.

Mjazaji wa leo hasamehewi hivyo. Ujerumani ni lazima asome kozi, afanye mtihani na apate kibali chini ya sheria ya vilipuzi, ambacho huhuishwa kila baada ya miaka mitano. Marekani sheria ya taifa haimdai leseni kama anajaza za matumizi yake mwenyewe. Lakini kabla ya kugusa baruti kuna jambo moja ambalo hakuna kibali wala jedwali litakalomfanyia: kupima kipenyo cha mtutu wake. Kutazama alama hakutoshi, maana bunduki ya miaka mia na zaidi huenda imebadilishwa mtutu mara mbili na mafundi ambao hawakuandika chochote.