Je, wajua kwa nini kivimbe cha neva kwenye ulimi kinaweza kusomwa maabara kama kansa?

Chukulia kimeota kivimbe kwenye ulimi, kadogo tu kama punje ya haragwe, hakiumi, hakitoi damu, rangi ni ileile ya ulimi au kimepauka kidogo, ukikibonyeza ni kigumugumu hivi. Daktari anajuaje kimetokana na neva? Kwa macho hajui, anakisia tu, maana nyama inayoota ukijing'ata mara kwa mara nayo iko hivyohivyo. Kikiwa huko ndani kooni picha ya MRI inasaidia kuona kimeishia wapi, ila jina lake halisi linatoka kwenye hadubini, kwa hiyo lazima kikatwe kipande, yani biopsi.

Na hapo ndo penye mtego. Kuna aina moja ambayo seli zake zimejaa chembechembe, na ulimi ndo makao yake makuu. Mrusi mmoja, Abrikossoff, aliielezea mwaka 1926 akadhani ni ya misuli, na hilo jina la misuli likaganda miaka mingi, kumbe imetokana na seli za Schwann, zile zinazouvika uzi wa neva kama plastiki inavyovika waya wa umeme. Sasa uvimbe huu una kituko chake: utando wa juu yake huwa unanenepa na kuchimba kwenda chini kama mizizi, kwa hiyo aliyekata akichukua kipande cha juujuu tu, anayesoma hadubini anaiona ile mizizi peke yake na anaweza kuandika kansa kabisa! Mtu akapangiwa operesheni kubwa kwa kitu ambacho karibu mara zote hakina shari. Ndo maana kisu kinatakiwa kishuke hadi kwenye zile seli zenyewe.

Zikishapatikana wanazitia rangi ya kusaka protini iitwayo S100, na mara nyingi seli zenye asili ya Schwann zinatoka kahawia. Ila hiyo haitoshi, maana vivimbe vingi vya neva vinaitika S100, inabidi waangalie na mpangilio. Schwannoma kwa mfano, viini vyake vinajipanga safu mbili kama askari wa gwaride na katikati wameacha njia, kitu alichokiona daktari mmoja, Verocay, mwaka 1910. Nyurofibroma, kivimbe kingine cha neva, yenyewe ni mchanganyiko wa seli za aina mbalimbali, na nyuzi za neva unazikuta humohumo ndani.

Kikiwa kimoja, mara nyingi kikikatwa chote habari imeisha. Mtoto akiwa na vingi, midomo imevimba na ncha ya ulimi ina vinundunundu, hapo usiishie mdomoni. Inaweza kuwa MEN2B, ugonjwa adimu wa hitilafu kwenye jeni ya RET, ambao huleta kansa ya tezi ya thairoidi mapema mno, na mara nyingi wazazi wenyewe hawana tatizo hilo kwa hiyo hakuna anayewaza. Kipimo cha jeni kinafanyika kwa damu tu, na kwa ile aina kali zaidi ya hitilafu hiyo tezi inashauriwa itolewe mtoto hajafikisha hata mwaka.