Siku ya kwanza ya fundi iwe shimoni

Mzee alinipigia simu mwezi wa tano, mahindi yakiwa bado shambani. "Fundi, nyumba tunajenga wenyewe, mimi, mama yao na vijana. Wewe nakuhitaji siku tatu tu: kuseti msingi, linta na kenchi."

"Sawa mzee, ila nipe na ya nne. Nije keshokutwa niangalie udongo."

Akanyamaza kidogo. Najua alichowaza: huyu anatafuta hela ya bure. Udongo uko bondeni hapa Kalenga tangu enzi za babu, wa kuangalia nini?

Nimepaua na kujenga Iringa na Mufindi miaka mingi, na familia nyingi zinazojijengea hunifuata ukuta ukishapasuka. Hapo sina dawa. Ukuta wa matofali ya kuchoma huharibikia shimoni, udongo unapochimbwa, na kwenye tanuru, kabla kamba haijafungwa. Mwenye hela ya siku chache za fundi aanze kuzitumia huko.

Nilipofika nikachukua udongo konzi moja, nikautia kwenye chupa ya maji safi, nikatikisa, nikaiweka juu ya jiwe mpaka kesho yake. Mchanga hukaa chini, ule laini juu yake, mfinyanzi huja mwisho kabisa. Kwenye udongo wao mfinyanzi ulizidi. Udongo wa namna hiyo hufyatuka vizuri sana, unang'aa kama umepakwa mafuta, na ndiyo maana unadanganya: ukikauka unasinyaa na kupasuka. Tukafyatua matofali matatu ya majaribio kwa kalibu ya sentimita 25. Yalipokauka yalikuwa na 22 na nyufa za kuingiza ukucha. Vijana wakabeba mchanga kutoka Ruaha Mdogo, ndoo moja kwa ndoo tatu za udongo, tukajaribu tena. Yakabaki 23, bila ufa.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Nyumba ya mita 10 kwa 8, kuta za ndani mita 20, kimo mita 2.7. Ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 135. Ukuta wa nusu tofali, yaani tofali zima likilazwa kufuata urefu wa ukuta, hula matofali 45 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo 6,075. Ongeza ya kuvunjika, sema 6,700. Mzee na vijana wawili walikuwa wanafyatua 300 kwa siku, basi ni siku 23 za kukanyaga udongo, mbali na Jumapili na misiba.

Halafu kukausha. Hapa ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu niliwahi kuunguza tanuru zima Mafinga, mwezi wa saba, baridi ile ya ukungu hadi saa nne asubuhi. Matofali yalikuwa na siku kumi chini ya majani, nje yamekuwa meupe, yanagongana vizuri. Sikuvunja hata moja. Tukawasha moto mkubwa usiku uleule wa kwanza, na kufika alfajiri tulikuwa tunasikia pu, pu, mle ndani kama mahindi ya bisi. Maji yaliyobaki kwenye kiini yaligeuka mvuke, yakakosa njia, yakapasua. Yule mama mwenye nyumba hakunigombeza, alinipa chai. Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo pale Kalenga mama yao nilimpa kazi moja: kila asubuhi avunje tofali moja katikati. Kiini kikiwa cheusi kuliko pembeni, bado. Kijana wa pili alikuwa anarudi chuo na alitaka sana kuona moto kabla hajaondoka. Mama akavunja, akamwonyesha, akasema, "Nenda mwanangu, tutakutumia picha." Zilipita siku nne zaidi.

Tanuru walilipanga na midomo mitatu, wakalikandika udongo pande zote. Kuni zilikuwa mabanzi ya misindano kutoka kwenye mashine za mbao Mufindi. Upande wa Usangu wenzetu hutumia pumba za mpunga, na zinachoma vizuri tu. Usiku wa kwanza moto mdogo wa kupikia ugali. Juu hutoka moshi mweupe mzito. Chomeka nondo baridi juu kwa muda mfupi kisha itoe: ikitoka na jasho, maji bado yamo, usiongeze kuni. Ikitoka kavu, sasa pakia midomo mpaka tanuru liwe jekundu ndani, kisha ziba. Tulikaa wiki nzima bila kuligusa, maana ubaridi wa ghafla nao hupasua.

Siku ya kubomoa, mama aligonganisha mawili mawili. Yanayolia kama kengele huku, yenye sauti ya kibuyu kule. Yale ya karibu na midomo yalipinda na kuwa ya kibuluu. Mzee alitaka kuyatupa. Hayo ndiyo magumu kuliko yote, tukayapeleka msingini pamoja na mawe.

Kuseti msingi kulichukua asubuhi moja: kipimo cha 3, 4, 5 kila kona ili pembe iwe mraba, halafu mishazari miwili ya nyumba, kona hadi kona, yote mita 12 na sentimita 81. Kujenga walijenga wenyewe, wakiloweka tofali kwenye pipa kabla ya kulilaza, la sivyo hunyonya maji ya udongo wa saruji na kiungo hubaki unga.

Linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nilisimamia mwenyewe, izunguke nyumba nzima, nondo nne za milimita 12. Mzee aliona nazidisha. Nikamkumbusha tunakoishi: Bonde la Ufa liko hapa, na 13 Desemba 1910 ardhi ya upande wa Rukwa ilitikisika vibaya. Akaenda kununua nondo.

Kenchi, zile mbao za kubeba bati, bado. Hela ya bati iliishia kwenye ada. Mwezi wa kumi na moja, mawingu yakishaanza kukaa juu ya vilima, tulifunika vichwa vya kuta kwa nailoni na kuikandamiza kwa yale matofali ya sauti ya kibuyu.