Rejista ya kliniki haipimi meno ya taifa
Wengi huamini kwamba rejista za kliniki zinatosha kuonyesha hali ya meno nchini. Rejista humhesabu aliyefika tu, na wengi hufika jino likishauma. Utafiti wa kitaifa huchagua sampuli, wagonjwa kwa wazima, kwa kawaida wa miaka 5, 12, 15, 35–44 na 65–74.

Ukisoma ripoti yake, usiishie kwenye wastani wa meno yaliyoathiriwa na kuoza kwa kila mtu. Tafuta mgawanyo: meno yaliyooza, yaliyong'olewa, yaliyozibwa. Wastani wa 2, yote mabovu, unadai huduma ya kuziba. 2 yaliyozibwa, huduma imeshafika. Angalia pia kama wapimaji walifanyiwa majaribio ya kulinganisha vipimo, na kama floridi (madini) ya maji ilipimwa: maji ya sehemu za Arusha tayari yana kiwango kinachotia meno madoa ya kahawia.